Fundi wa Lifti Hajafa

Mhariri wangu ana tabia ya kuanza simu kwa habari za mvua na jua. Siku hiyo hakugusa mvua wala jua. Alisema, "Bibi, mtu wako hajafa."

Nilikuwa kwenye kiti changu karibu na dirisha, mahali ninaposhinda tangu macho yaliponiacha. Nikamwuliza mtu gani.

"Fundi wa lifti. Uliniambia anauawa sura ya tisa. Nimesoma sura ya tisa yote, Bibi. Fundi anapanda kutoka kwenye shimo la lifti, ananawa mikono kwa sabuni ya unga, anakwenda nyumbani kula. Anaomba aongezwe mchuzi."

Nikanyamaza. Kwa wanaonijua, kunyamaza kwangu ni dalili mbaya.

"Sisemi ni vibaya," akaendelea, kwa sauti ya mtu anayerudi kinyumenyume mbele ya mbwa mkali. "Mchuzi umeandikwa vizuri. Lakini jalada limeshachorwa, na lina maiti. Wasomaji wenyewe wanakuita Bibi Maiti. Hawatanielewa nikiwaletea mchuzi."

Nikamwambia asome aya ya mwisho. Akasoma. Nilisikiliza maneno ambayo hayakutoka kinywani mwangu hata moja: maji, sabuni, mlango unaofunguliwa, sahani. Mimi nilikuwa nimesema kwamba lifti ilishuka. Nilisema ilishuka vipi, na ilitoa mlio gani, na kiatu chake kilikutwa wapi. Nilisema yote hayo kwa sauti, nimekaa wima, na nikasikia vidole vinagonga.

Nyumba hii ina watu wawili, na mmoja haoni. Upelelezi wa namna hiyo ningeona aibu hata kuuandika.

Mtu anayeniandikia ni mkwe wangu, mjane wa mwanangu. Kwa kazi ni mpiga chapa. Asubuhi ananipigia chapa mimi, mchana anakwenda kwenye duka la fotokopi kuwapigia watu barua za kuomba kazi na kadi za harusi. Ana vidole vyepesi na mdomo mzito. Anasali kabla ya kuwasha kompyuta na anasali baada ya kuizima, na ingawa hatoi sauti, mimi namsikia midomo. Nimempa jina Mtakatifu, na wala sikumpa kwa kumsifu.

Sasa sharti niseme kitabu chenyewe kilihusu nini, la sivyo mtadhani ni bibi kizee anayegombania mchuzi.

Mwanangu alikuwa fundi wa lifti. Mtoto wangu wa pekee. Siku aliyokufa alikuwa chini kwenye shimo la lifti ya jengo la ofisi, anapaka grisi, umeme umezimwa, na mwenzake yuko juu kwenye swichi kubwa. Simu yake ikaita. Mle chini mtandao unakatika, kwa hiyo akapanda akatoka nje kuipokea. Mwenzake akamwona amesimama ukumbini na simu sikioni, akadhani kazi imekwisha, akawasha umeme. Mwanangu akamaliza kuongea, akarudi shimoni. Basi.

Aliyempigia simu ni mke wake. Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja tu ambayo hata mimi niliifuata: akiwa kazini hapigiwi, yeye ndiye anayepiga. Mtakatifu aliivunja sheria hiyo siku hiyohiyo. Polisi walipomwuliza alimpigia kwa ajili gani, alisema "mambo ya nyumbani". Wakaandika ajali kazini, wakafunga. Msibani watu wa kanisani wakanishika mikono wakaniambia kazi ya Mungu haina makosa. Mimi kitabu kikiisha hivyo ningekirudisha kwa mwandishi.

Kwa maana katika vitabu vyangu hakuna ajali. Hiyo ndiyo kazi yangu, na ndiyo ilikuwa dini yangu. Watu hudhani mwandishi wa mauaji hana Mungu. Kabla ya kumuua mtu yeyote kwenye karatasi, awe mwizi, awe hakimu, nilikuwa nafunga mlango wa chumba cha kulala, napiga magoti, namweleza Mungu nani anakufa na kwa nini. Nikishindwa kutoa sababu, mtu yule anaishi. Niliona ni heshima: kama Yeye hamchukui mtu bure, na mimi nisimchukue mtu bure. Ndivyo nilivyofanya tangu nikiwa na mimba ya mwanangu, nikiandika kwa mkono juu ya meza ya kupigia pasi, na ndivyo nilivyowafundisha vijana kwenye warsha, ingawa kule niliacha habari za magoti.

Mwanangu alipokufa nilipiga magoti nikamwambia, sasa zamu yako. Nimekutolea sababu zangu zote hizi. Nitolee moja. Akakaa kimya. Tangu hapo sisi hatujaachana, tumenuniana. Kanisani siendi, na mkwe wangu akirudi huko ananisalimia kwa niaba ya watu nisiotaka salamu zao.

Kwa hiyo nikafungua kesi mwenyewe. Kitabu hiki ndicho cha mwisho, nguvu sina tena. Sikukitaka kwa ajili ya jina. Nilitaka pawepo mahali pamoja duniani panapoandikwa nani alimuua mwanangu. Na niliandika. Ni mke. Mwanamke mpole, mwimbaji wa kwaya, mwenye vidole vyepesi na koti la kijani, aliyejua saa ya simu na aliyejua kwa nini. Nilimkalisha Mtakatifu kwenye kompyuta, nikamsimulia muuaji huyo asubuhi baada ya asubuhi, naye akapiga chapa. Vidole vyake havikusita hata mara moja. Kutosita kwake kulinizidishia chuki.

Sasa nikaona mchezo. Nikamwambia mhariri, "Fungua sura ya nne. Mahali mke amekaa jikoni peke yake. Soma."

Nilijua atakachokikuta. Atakuta mke amegeuka malaika, anamwombea mumewe. Nikasikia karatasi.

Akasoma: "'Alimlilia mumewe kabla hajamuua, ili siku ya msiba machozi yasimpungukie.' Hii nimeipenda sana, Bibi. Hii ni wewe mwenyewe."

"Endelea."

Akaendelea. Kila tusi lilikuwepo, na nyoka, na koti la kijani. Sentensi ambayo hata mimi niliiona imezidi ukali, nikapanga kuipunguza, ilikuwepo nzima.

"Kuna jambo jingine," mhariri akasema. "Simu. Mke anampigia, fundi anatoka shimoni. Anamwambia nini? Umeandika tu 'akamwambia maneno aliyoyaandaa'. Maneno gani? Kitabu kizima kinasimama juu ya hiyo simu, nawe umepita juu juu kama mtu anayeruka dimbwi. Nirekebishie simu, na uniulie mtu wangu. Mashine zinanisubiri."

Nikamkatia bila kumuaga.

Mtakatifu alirudi jioni. Nilisikia ufunguo, nikasikia viatu vinavuliwa, ikaja harufu ya wino wa fotokopi. "Shikamoo, mama." Nikaitikia marahaba kama mtu anayetema mbegu. Akaenda jikoni, akawasha jiko, akaanza kukata vitunguu. Nikamfuata kwa kupapasa ukuta.

"Mhariri amepiga simu," nikasema.

Kisu kikasimama. "Amesemaje?"

"Amesema una kipaji."

Mafuta yakaanza kulia kwenye sufuria, akapunguza moto. Hata siku ya kuhukumiwa atapunguza moto kwanza.

"Umebadilisha kitabu changu," nikasema.

"Nimebadilisha mahali pamoja tu, mama."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna."

"Na huyo Mungu wako anasemaje kuhusu uongo?"

"Anakataza. Nimetubu."

"Umetubu, ukarekebisha?"

"Nimetubu, sikurekebisha. Labda toba yenyewe haijapokelewa."

Ningekuwa na macho ningemkodolea. Nikasogea mpaka nikaigusa meza. "Unaniibia kitabu ndani ya nyumba yangu. Mimi kipofu, unanisomea kitu kimoja, unaandika kingine. Unajua wizi huo unaitwaje? Mtoto anayemnyang'anya kipofu fimbo ana nafuu."

"Najua."

"Ulitaka kujisafisha."

"Ningetaka kujisafisha ningeanza na sura ya nne," akasema. Sauti yake haikupanda. "Sura ya nne umeniita nyoka."

"Sijamtaja mtu."

"Kwaya, vidole, koti la kijani. Ulichosahau ni saizi ya viatu tu."

Sikulitegemea hilo. Miaka yote aliyokaa hapa sikuwahi kujua kwamba ana ulimi. Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine kina meno mazuri kuliko ulivyodhani.

"Kama hukujisafisha, kwa nini fundi yuko hai?"

Akakichukua kisu tena, akakiweka. "Maneno yako juu yangu ni yako. Nikiyaandika, nimeandika tu. Lakini yeye ni wangu pia. Ulipofika pale pa kiatu, vidole vilikataa. Nilikaa hapo, wewe unasema, mimi naandika amenawa mikono. Nikaona si vibaya anawe. Basi nikamrudisha nyumbani."

"Akaomba mchuzi."

"Alikuwa anaomba."

Ni kweli alikuwa anaomba. Sikumwambia kwamba ni kweli. Nilimwambia azime jiko, atangulie kwenye kompyuta, kwa sababu mtu huyo anakufa jioni hiyohiyo kabla chakula hakijaiva, na akikataa afungashe nguo zake arudi kwao.

Akazima jiko. Chumba changu cha kazi ni kidogo, kiti chake kinagusa kitanda changu cha mchana, kwa hiyo tukiwa kazini magoti yetu yanakaribiana kama ya watu wanaopendana. Akawasha. Nikasikia midomo.

"Acha kusali," nikasema. "Andika. 'Fundi wa lifti alikuwa chini kwenye shimo, taa kichwani, grisi mpaka kwenye viwiko. Simu ikaita.'"

Akaandika.

"'Akapanda, akatoka ukumbini, akaipokea. Mke wake akamwambia...'"

Hapo nikakwama. Mhariri ni mtu wa kukera lakini kazi anaijua. Nina njia yangu ya kuandika: siendi mbele nikiwa sijui kilichosemwa. Naweza kubuni nguo, nyumba, hata sura ya mtu, ila neno linalomwondoa mtu mahali salama na kumpeleka kwenye kifo chake lazima niwe nalisikia sikioni. Nilijaribu kulisikia. Nilijaribu la uchungu, la mapenzi, la uongo. Hakuna lililokaa. Kumbe kwa muda wote huo niliomjengea mwanamke huyu kesi, sikuwahi kumwuliza swali lenyewe. Sikutaka jibu lake. Nilikuwa nalo langu.

"Ulimwambia nini?" nikasema.

"Andika unavyotaka, mama."

"Sitaki ninavyotaka. Nataka ilivyokuwa."

"Tangu lini?"

"Mlikuwa mnagombana?"

"Hapana."

"Kuna mwanamume alikuwa amekuja?"

Kiti kikasukumwa nyuma. Alisimama. Nilijua nimemfikia, nikafurahi, nasema ukweli wangu. Nilitaka aumie mahali ambapo sura zote zile hazikumuumiza.

"Ondoka basi," nikasema. "Nenda kwa watu wako wa kwaya ukawaambie mama mkwe ni mchawi. Lakini utaondoka nikijua kwamba ulikuwa na kitu cha kuficha, na nitakiandika nitakavyokibuni, na nitakibuni kibaya."

"Nilimwahidi," akasema.

"Nani?"

"Mume wangu."

"Mfu hadai ahadi."

"Mimi naamini anadai."

"Na mimi ni mama yake. Nilimzaa kwa uchungu, nikamlea peke yangu kwa vitabu vya maiti, nikamzika. Unakula kwangu, unalala kwangu, kila asubuhi unanipa shikamoo, na umekalia maneno ya mwisho ya mwanangu kama kuku anayeatamia. Huko kanisani ndiko wanakowafundisha hivyo?"

Akakaa. Nikasikia midomo tena, muda mrefu, na safari hii sikumkatiza. Kisha akasema, bila kunitazama nadhani, kwa maana sauti ilikwenda ukutani:

"Siku ile ulikataa dawa ya macho."

Sikuelewa. Nikamwambia sisemi habari za macho.

"Uliufunga mlango kwa ufunguo. Ulisema dawa inachoma, na una sura ya kumaliza. Ulikuwa umeshairuka jana yake, na juzi yake. Daktari alishasema ukizoea kuiruka, presha ya ndani ya macho itayala yote na hayatarudi. Niligonga. Ukaniambia niende nikasali. Nikagonga tena, ukarusha kitu mlangoni. Sikujua la kufanya. Ulikuwa unamsikiliza yeye tu. Ndiyo nikampigia."

Nilikumbuka. Ningependa kusema sikukumbuka. Nilirusha kikombe cha kalamu. Siku ile nilikuwa namuua mfanyabiashara wa mbao, nilikuwa na haraka naye.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Alicheka. Akasema, huyo ni mama, niachie mimi, nitampigia mwenyewe na dawa atakubali. Akasema, ngoja nichukue spana yangu tu. Halafu akasema, usimwambie kama wewe ndiye uliyenipigia. Atakuchukia."

Nje mtu alikuwa anaburuta geti. Nilisikiliza geti mpaka likafungwa.

Siku ile nilingojea simu yake. Hilo pia nilikumbuka. Mchana nilifungua mlango, nikajiambia kwamba lazima mke wake ameshanichongea, sasa hivi atanipigia anibembeleze, na mimi nitajifanya mgumu kidogo, kisha nitakubali. Nilikuwa nimeshaandaa la kumjibu. Jioni simu ikaita, na hakuwa yeye.

Nilikuwa nimemdai Mungu sababu kwa matusi. Sasa nikawa nayo, imeletwa hadi mapajani, na aliyeileta ni mwanamke niliyemwita nyoka. Nilimchukia Mungu kwa kunijibu. Nilimchukia mkwe wangu kwa kunyamaza muda wote huo, na nikamchukia zaidi kwa kuacha kunyamaza. Sikuwa na machozi. Yale macho yangu hayajui tena hata kazi hiyo.

"Mbona hukusema?" nikamwuliza. "Nimekutukana sura nane. Nimekuita muuaji kwa mdomo wangu, nawe unagonga tu kama mvua."

"Ningesema, ungeishi vipi?"

"Hilo halikuhusu."

"Linanihusu. Mimi ndiye ninayekupikia."

Nikajivuta mpaka ukingoni mwa kitanda. Ile hasira niliyokuwa nayo ilikuwa bado ipo, nzima, ila ilikuwa imegeuka uso, na mimi najua kufanya kitu kimoja tu na hasira.

"Andika," nikasema. "Futa pale pa simu. Anza upya. 'Asubuhi ile mama wa fundi alijifungia chumbani kwa ufunguo.'"

Sikusikia vidole.

"Andika. 'Mama wa fundi alikuwa mwanamke mkaidi, na ukaidi wake alikuwa akiuita kazi.'"

Kiti chake kikalia.

"Umekuwa kiziwi?"

"Hilo siandiki, mama."

"Ni kitabu changu."

"Ni chako."

"Nimekwambia nani alimuua. Nimempata. Kitabu kizima kilikuwa kinamtafuta. Andika."

"Hakuna aliyemuua. Alirudi kuchukua spana."

"Katika vitabu vyangu hakuna ajali."

"Basi labda vitabu vyako havijui kila kitu."

Hakuna mhakiki aliyewahi kunitukana hivyo, na wamejaribu wengi. Nikamwambia, "Mimi nilikuita muuaji, ukaandika kila neno. Hukupunguza hata koti. Kwa nini langu likushinde?"

"Lile nilijua si kweli," akasema. "Ukisema, linapita. Hili ukiliona limeandikwa utaliamini."

"Nitaajiri mpiga chapa mwingine."

"Ajiri. Pale dukani wamejaa."

Lakini hakuinuka. Nikapapasa, nikaipata meza, nikapata ukingo wa kompyuta. Nilikuwa najua kupiga chapa kabla yeye hajazaliwa, na vidole havisahau. Nikavipanga juu ya herufi ili niandike mwenyewe. Akaweka mkono wake juu ya mikono yangu. Nikampiga kofi mkononi. Hakuutoa. Nikampiga tena, kwa nguvu zangu za kizee, akatoa sauti ndogo ya maumivu, na mkono ukabaki palepale, wa moto, una harufu ya vitunguu.

"Unaniumiza," nikasema, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nampiga.

"Najua," akasema.

Chakula usiku huo kilikuwa kibichi katikati. Tulikila bila kusemezana.

Tangu hapo tunaishi hivyo. Asubuhi ananipa shikamoo, anawasha kompyuta, anasali. Namwambia aandike kwamba mama wa fundi alijifungia chumbani. Anasema hapana. Namtukana, na sasa natukana vizuri zaidi kwa sababu ananijibu. Siku nyingine ananiambia, acha niandike kwamba mke ndiye aliyevunja sheria ya simu, hilo ni kweli na hilo nitaliandika. Hapo mimi ndiye ninayesema hapana. Namwambia nikisikia amegonga hata herufi moja ya uongo huo, namfukuza. Anazima, anasali, anakwenda dukani.

Juzi nilifunga mlango wa chumba cha kulala, nikapiga magoti. Yaliuma, sijayatumia siku nyingi. Sikuomba kitu. Nilimwambia kwamba nimeipata sababu yake, na kwamba ni mbaya, na kwamba kijana yeyote wa warsha angeniletea sababu ya namna hiyo ningemwambia aende akaifikirie upya. Nilisema na mengine ambayo ni yangu na Yeye. Mtakatifu alikuwa nje ya mlango, nilimsikia anapumua. Hakusema amina, na namshukuru kwa hilo, ingawa sijamwambia.

Mhariri alipiga simu, akapiga tena, akatuma mtu. Sasa hapigi. Nimesikia jalada lenye maiti amempa mwandishi mwingine, kijana mmoja anayeua watu ovyo bila kutoa sababu, na inasemekana anasomwa sana.

Sura ya tisa imeishia pale simu inapoita. Fundi yuko chini, mikono ina grisi, hajapanda bado, na ndani ya nyumba hii hakuna anayekubali mwenzake abebe kinachofuata.